Binti wa Pahing

Kwenye Mlima Sumbing dereva wa bodaboda humkalisha abiria mbele. Njia ya kwenda Kituo cha Kwanza ni ya mawe na imesimama hasa, na pikipiki ikikosa uzito mbele hunyanyua gurudumu na kuwamwaga watu kwenye mashamba ya tumbaku. Kwa hiyo abiria hupanda juu ya tangi la mafuta, dereva hukaa nyuma yake, na mikono ya dereva humpitia abiria huku na huku kwenda kushika usukani. Wageni wa Jakarta huona haya siku ya kwanza. Wenyeji wamezoea, hakuna anayetazama mara mbili, na hilo kwa miaka miwili liliwafaa sana Wening na Giyo.

Mapenzi yao yalikuwa ya dakika kumi na mbili. Ndio muda wa kutoka kijijini mpaka Kituo cha Kwanza, ambako baba yake Wening, Pak Tarno, kiongozi wa wapanda mlima, alikuwa na kibanda cha chai. Kila Jumamosi na Jumapili Wening alipeleka kibandani wali uliofungwa kwa majani ya ndizi na tempe za kukaanga, yaani vipande vya soya iliyochachushwa, na kila safari dereva akawa Giyo, hata kama zamu ilikuwa ya mwingine. Madereva wenzake walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Katika dakika hizo kumi na mbili, sauti ya Giyo ikiwa nyuma tu ya mtandio wake, Wening alisikia yote ambayo msichana wa miaka ishirini anatamani kuyasikia, pamoja na mengine ya kipuuzi, kama vile maradhi ya mbuzi wa jirani.

Asubuhi moja, siku ya gulio la Pahing, Wening alikwenda moja kwa moja akakaa nyuma. Shanta lake akaliweka katikati. Giyo alilitazama tangi tupu, akamtazama yeye, kisha akawasha pikipiki. Gurudumu la mbele lilinyanyuka mara mbili njiani, na mara zote mbili Wening alishika chuma cha kiti badala ya kumshika mtu.

Kisa kilikuwa siku za kuzaliwa. Kila mtu pale ana siku mbili, moja ya juma na moja ya gulio, na magulio ni matano yanayozunguka: Legi, Pahing, Pon, Wage na Kliwon. Watu wakitaka kuoana, siku ya gulio ndiyo inayoulizwa kwanza. Giyo hakuwa na pa kujificha, maana jina lake kamili ni Wagiyo, na anayelisikia anajua mara moja kwamba huyu kazaliwa Wage. Wening ni Pahing. Na Wage na Pahing hawaoani. Wakioana, mzazi mmoja hufa kabla mwaka haujapinduka. Ndivyo wazee wanavyosema, na kila kijiji kina mfano wake wa kutaja. Baba yake Giyo alikuwa amekwisha kufariki, na mama yake Wening vilevile. Walikuwa wamebaki wazazi wawili tu.

Mama yake Giyo, Bu Warsi, hakupiga kelele wala kutukana. Wiki tatu zilizopita alimwita mwanawe jikoni, akamwambia kwamba Wening ni msichana mzuri na hana neno naye, ila siku hazikubali, na habari hiyo isirudiwe tena. Giyo alimuuliza kama kweli anaogopa kufa. Alijibu kwamba haogopi, akaendelea kukata vitunguu.

Tangu siku hiyo Wening hakula akashiba. Wiki moja baadaye alikwenda kituoni akawaambia viongozi wa mlima kwamba anataka kujaribiwa, awe kiongozi kama wao. Wapo waliocheka, kwa kuwa hakukuwa na mwanamke katika kazi ile. Mmoja alisema huo ndio ukaidi wa Pahing, na wengine wakaitikia. Neno hilo Wening alikuwa amelizoea. Alipotembea mapema, Pahing. Alipokataa kuchumbiwa na mwenye duka la mbolea, Pahing. Alipopigana shuleni na wavulana wawili akawashinda, mwalimu mwenyewe alimuuliza baba yake gulio la kuzaliwa, akaambiwa, akatikisa kichwa na kumsamehe.

Jaribio lenyewe lilikuwa na sheria moja. Anayejaribiwa hutangulia, anayemjaribu humfuata nyuma amefunga mdomo, na mwanafunzi akikosea njia mwalimu hukohoa mara moja. Ukikoholewa mara tatu unarudi nyumbani kupanda kabeji. Wening aliwaambia wote kwamba anaipenda kazi, na ni kweli aliipenda. Lakini ukweli mwingine, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba alitaka kupanda mpaka mahali ambapo mlio wa pikipiki ya Giyo haufiki.

Kituo cha Kwanza kilikuwa kimya na kibanda kimefungwa. Pak Tarno, aliyepewa kumjaribu siku hiyo, alikuwa ametangulia tangu alfajiri lakini hakuonekana. Giyo alizima pikipiki, akabaki ameshika ufunguo mkononi. Alikuwa amekonda. Macho yake, ambayo Wening aliyajua kwa kuyaibia tu kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, sasa yalimtazama uso kwa uso, mekundu.

"Ning, nisikilize mara moja tu. Nimepata njia."

"Njia ipi tena, Mas?" aliuliza Wening, akimwita kaka kama ilivyo desturi.

"Mkunga wako alishakufa. Mama yako hayupo, Mungu amrehemu. Nani anayejua saa uliyozaliwa? Tuseme ulizaliwa baada ya magharibi."

Wening alielewa papo hapo, maana hakuna mtoto wa pale asiyejua hesabu hiyo. Siku huanza jua likizama. Aliyezaliwa jioni ya Pahing, adhana ikiwa imekwisha, si wa Pahing tena bali ni wa Pon, na Pon na Wage hawana ugomvi. Ni hila ya zamani sana. Familia zilizokwama zimepitia hapo hapo miaka nenda rudi, hata ikawa mtu akisema "baada ya magharibi" mbele ya watu, wanaosikiliza hufunika midomo wakacheka.

"Kwa hiyo niingie kwa mama yako na uongo mkononi?"

"Ni neno moja tu, Ning."

"Neno moja. Halafu siku atakayopata homa, nitalala mimi? Utalala wewe?"

"Kwani sasa hivi nalala? Wewe unaniona mimi ni mtu anayelala?"

Wening alitamani kumgusa shavu. Mkono ulishanyanyuka kidogo, akaupeleka kwenye mkanda wa shanta akaukaza, ingawa ulikuwa umekaza tayari. Kama angemgusa angekubali, na alijijua.

"Mas, mimi sina mama. Nina Bapak tu, na Bapak hajawahi kusema uongo juu yangu, hata mara moja. Sitaki kuuanza mimi. Afadhali nikukose."

"Umelisema kwa wepesi hilo."

"Si kwa wepesi."

Giyo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu yake. Aliwasha pikipiki akashuka bila kugeuka, na Wening akasimama kuusikiliza mlio ule kona baada ya kona mpaka ukaisha. Alipogeuka, baba yake alikuwa ametokea nyuma ya kibanda, viatu vya mpira miguuni na saruni ameizungusha shingoni kwa ajili ya baridi.

"Twende," alisema. "Wewe mbele."

Walipita mashamba ya mwisho ya tumbaku, wakaingia msitu, wakatoka kwenye mteremko wa udongo mkavu ambao hupandwa kwa mikono na magoti. Wening alitangulia kwa mwendo aliofundishwa, mfupi na usiobadilika, ili anayefuata asikatwe pumzi. Alijua mahali pa kupumzika na mahali pa kutopumzika. Kwa saa tatu hakukoholewa, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alihisi njaa ya kweli, akala tempe mbili akiwa anatembea. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Baba yake alikuwa na kawaida ya kuimba chini chini akipanda, na leo hakuimba.

Ukungu uliwakuta chini ya mahali panapoitwa Soko la Mawe, penye majabali yaliyopangana pande mbili kama meza za wachuuzi. Walipoyafikia majabali Wening alishika kushoto. Alitembea hatua hamsini, sitini, na kila hatua ardhi ikazidi kumkataa: hakuna alama ya viatu, hakuna karatasi ya pipi, mawe hayajasuguliwa na mtu. Lilikuwa korongo kavu, na mbele kidogo lilikatika. Alisimama, akageuka, akamwona baba yake anakuja nyuma yake ameinamisha kichwa, akitembea mpaka karibu amgonge.

"Bapak, nimepotea na hukukohoa."

"Sikuona."

"Hukuona? Njia unayoijua kuliko kitanda chako?"

Pak Tarno alilitazama korongo mbele yao, akatazama walikotoka. Wakarudi mpaka Soko la Mawe, na hapo Pak Tarno akasimama. Alikaa juu ya jiwe, akavua kofia.

"Nilikuwa nyuma ya kibanda pale chini, Nduk, binti yangu. Niliwasikia. Umesema Bapak hajawahi kusema uongo juu yako." Aliigeuza kofia mikononi. "Kukohoa kwangu kumechelewa miaka ishirini."

Akamweleza. Siku ile ya gulio la Pahing, siku ya Alhamisi, alikuwa mlimani akimteremsha mgeni aliyevunjika mguu. Alifika nyumbani adhana ya isha inaadhiniwa, umeme umekatika kijiji kizima, na mtoto ameshaogeshwa. Mkunga alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba mtoto amezaliwa magharibi imepita, msikiti umeshanyamaza. Usiku wa kuamkia Ijumaa. Ijumaa Pon.

Wening alihisi kicheko kinampanda kifuani kikakosa pa kutokea. Uongo aliokataa kuusema asubuhi, uliomfanya ampoteze mwanamume anayempenda, ulikuwa kweli tupu.

"Kwa nini, Bapak?"

"Mama yako naye alikuwa Ijumaa Pon."

Hakuhitaji kusema zaidi, lakini alisema, maana mtu akianza kutapika hachagui. Mtoto anayezaliwa siku moja na mama yake, wazee wanasema hao wawili hawakai nyumba moja, mmoja atamsukuma mwenziwe. Dawa yake ni kumtupa mtoto. Si kumtupa kweli: huwekwa kwenye ungo, akapelekwa jalalani, akafagiliwa kidogo kwa ufagio, kisha jirani humchukua akitangaza kwamba kaokota mtoto, na wote wakacheka wakarudi kula. Ni mchezo wa robo saa.

"Mama yako alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili kabla yako. Nikamwambia habari ya ungo. Akakushika hivi," alisema Pak Tarno, akaikumbatia kofia yake. "Akasema, 'Wawili nimewatia ardhini, sikupenda. Huyu simtupi, hata kwa mchezo. Semeni kazaliwa mchana.' Mkunga akakubali. Mimi nikakubali. Nawe ulipotimiza miaka sita, mwenzangu akafa. Tangu hapo kila siku nikikutazama najiuliza, kwa nini sikukuweka kwenye ungo ule robo saa tu."

Wening alisimama. Kumbe kila baba yake alipomtazama akila, akisoma, akicheka, alikuwa akiliona kaburi. Alichukua chupa moja ya maji akamwachia shanta, akashika njia ya juu, ile ya kulia. Aliitwa mara mbili na hakuitika.

Kuanzia hapo hakuna aliyemfuata. Alipanda huku analia, na kilio kikimkata pumzi alisimama akalia vizuri, akaendelea. Mawe yalikuwa makubwa na yenye makali, na mahali pengine ilibidi atafute kwa mkono kabla ya kuweka mguu. Hakukosea tena hata mara moja. Kiasi cha saa saba mchana aliinua mguu hapakuwa na jiwe jingine la kupanda, na harufu ya kiberiti kutoka kwenye shimo la volkeno ikampiga usoni. Mbele yake ukungu ulikuwa umepasuka, na Mlima Sindoro umesimama peke yake upande wa pili.

Alikaa. Akawaza kwanza jambo la ajabu, lile la ukaidi. Miaka ishirini aliambiwa ukaidi ule ni wa Pahing, na nguvu zile ni za Pahing, na kupenda chake ni kwa Pahing. Na hakuwahi kuwa Pahing siku hata moja. Basi ule ukaidi ulikuwa wa nani? Uliomleta mpaka hapa leo, peke yake, na machozi usoni, aliupewa na gulio lipi? Haukuwa wa gulio lolote. Ulikuwa wake. Alilisema kwa sauti, "Ni wangu," akajisikia mjinga, akalisema tena.

Kisha akamkumbuka mama yake. Hakuwa na kumbukumbu nyingi. Kikohozi cha jikoni asubuhi. Mikono myembamba inayonuka tumbaku. Na nguo ya kubebea mgongoni: Wening alikuwa na miaka mitano, mrefu, miguu yake inaning'inia, na bado mama alimbeba kwenda gulioni. Majirani walicheka wakamwambia amteremshe huyo ng'ombe. Mama naye alicheka, akakaza fundo. Hakumteremsha. Leo Wening alijua ni kwa nini.

Alijua pia itagharimu nini. Akisema, baba yake, mtu ambaye wageni humkabidhi roho zao, atatajwa mwongo. Yeye mwenyewe ataitwa mtoto aliyemsukuma mama yake. Na pengine hakuna atakayeamini, kwa kuwa hiyo "baada ya magharibi" ni hila wanayoijua wote. Lakini uongo ule ulitungwa ili mtu asitupwe, na kuulinda sasa kulikuwa kunamtupa Giyo. Akapangusa uso, akanywa maji, akashuka.

Baba yake alikuwa juu ya jiwe lile lile, kofia bado mapajani.

"Bapak, mama alianza kukohoa lini?"

"Nini?"

"Kikohozi chake. Kilianza lini?"

Pak Tarno alifikiri. "Tangu tulipooana. Kazi ya tumbaku. Kila msimu kilikuwa kinazidi."

"Kabla mimi sijazaliwa."

Pak Tarno aliinua uso.

"Kabla hujazaliwa, Nduk."

Akalia kama wanavyolia wanaume wa kule, bila sauti, amegeukia jiwe. Wening alikaa karibu naye mpaka akamaliza, akampa tempe iliyobaki. Hakumwambia kwamba amemsamehe, kwa sababu alikuwa bado hajajua. Alimwambia tu anataka kwenda kusema kwa Bu Warsi, na kwamba watu watamwita mwongo.

"Ndiyo jina langu," alisema baba yake. "Nenda kaseme."

"Basi inuka. Mimi mbele."

Walipofika Kituo cha Kwanza jua lilikuwa limeinama, na Giyo alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na pikipiki yake. Hakuna aliyemwita. Madereva wengine baadaye walisema alirudi pale tangu adhuhuri na kuwakatalia abiria wanne. Alisimama alipomwona, akafungua mdomo. Wening alipita mbele yake, akapanda pikipiki, akakaa juu ya tangi.

"Nipeleke kwa mama yako."

"Ning, yale niliyosema asubuhi—"

"Nipeleke, Mas."

Mikono yake ikampitia huku na huku. Dakika zote kumi na mbili Wening aliusikia moyo wa Giyo mgongoni mwake unavyokwenda mbio, na wake ulikuwa hauko nyuma. Langoni alimwambia abaki nje. Hili lilikuwa lake na Bu Warsi.

Bu Warsi alikuwa uani akiingiza chanja za mianzi ambazo juu yake tumbaku iliyokatwa huanikwa. Chanja moja ni ndefu kuliko mtu, na ukiiinua peke yako tumbaku humwagika. Alimtazama msichana, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamtazama Giyo kule langoni.

"Shika huko," alisema.

Wening alishika upande wa pili. Wakainua.

"Bulik, nimekuja kusema jambo, na najua litasikika kama hila," alisema Wening, akimwita shangazi kwa heshima.

"Sema huku tunatembea. Umande unashuka."

Alisema. Alianza na saa, akaendelea na ungo, na maneno ya mama yake kama alivyoyapokea, na kwamba yeye ndiye mtoto wa siku moja na marehemu. Alisema kama Bulik ataamua kumwogopa kwa sababu hii mpya, hana kinyongo, lakini asimkatae kwa siku isiyo yake. Katikati ya uwanja chanja ilisimama. Upande wa Bu Warsi uliinama, na nyuzi za tumbaku zikaanza kudondoka.

"Kakwambia nani? Tarno?"

"Bapak. Leo, mlimani."

"Kakwambia nani alishika taa?"

"Taa gani, Bulik?"

Bu Warsi alipumua kwa nguvu. "Umeme ulikatika. Mkunga alitaka mtu wa kummulikia. Giyo alikuwa na miaka mitatu, nikamwacha amelala nikaja na kandili. Nilikuona mimi kabla mama yako hajakuona. Nikarudi kwangu kabla baba yako hajafika, ndiyo maana hajui."

Mikono ilimuuma Wening lakini hakuweza kuiachia chanja, na mwenziwe hakuweza pia.

"Mama yako alipokuwa anakufa aliniapisha. Alisema, 'Warsi, akijua siku yake atajiona kaniua. Asisikie kwako.' Nikaapa, mkono wangu juu ya mkono wake. Halafu mwanangu anakuja kunitajia jina lako. Ningekubalije? Kijiji kizima kinakujua Pahing. Wangeniuliza, Warsi, Wage na Pahing, umepata wapi ujasiri? Ningejibu nini bila kuvunja kiapo? Nikaona bora nimvunje moyo Giyo. Yeye yu hai, atapona."

Macho yake yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika.

"Mama yako alikataa kukutupa hata kwa mchezo. Mimi wiki tatu nakutupa kweli kweli."

"Hukusema wewe, Bulik," alisema Wening polepole. "Nimesema mimi. Kiapo chako ni kizima."

Hapo ndipo adhana ya magharibi ilipoanza. Watu wa pale huacha maneno adhana ikisikika, kwa hiyo wanawake wale wawili walisimama kimya uwanjani, kila mmoja na upande wake wa chanja, wakitazamana juu ya tumbaku. Giyo kule langoni alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, hajui anachokitazama. Mwadhini alivuta neno la mwisho mpaka likakatika.

"Imekwisha," alisema Bu Warsi. "Tumeingia Pon."

Wakaipeleka chanja ndani, wakaiweka juu ya nyingine taratibu. Bu Warsi aliwasha taa, akajipangusa mikono kwenye saruni, akauchukua uso wa Wening kwa mikono yote miwili akautazama kwenye mwanga kwa muda.

"Mwambie baba yako gulio lijalo la Pon tutakuja, mimi na Giyo na shangazi zake wote wenye midomo. Watakuuliza umezaliwa lini. Sitakujibia. Utawaambia nini?"

Giyo alikuwa amefika mlangoni. Wening hakumtazama bado. Alimtazama mwanamke aliyeshika kandili usiku ule.

"Nimezaliwa Pon," alisema. "Baada ya magharibi."

Na kwa mara ya kwanza pale kijijini, maneno hayo yalisemwa na hakuna aliyecheka.